Chuma si Adui, Adui ni Sindano



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazee wetu na wadogo zetu, kila jioni baada ya swala ya Alasiri, katika mitaa yetu mingi, utawakuta vijana wamekusanyika uwani wananyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe aghlabu si vya dukani. Ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji yakaunganishwa kwa kipande cha bomba, na benchi la mbao lililopigwa misumari na fundi wa mtaani. Baadhi ya vijana hao ni wanafunzi wa madrasa hii hii, na wazee wao wamegawika mafungu mawili. Wako wanaofurahi kwa kuwa kijana anayenyanyua chuma jioni hana nafasi ya kukaa maskani na kuvuta bangi. Na wako wanaokasirika kwa kuwa wanaona mchezo huo unamdumaza mtoto na kumtia kiburi.

Baina ya mafungu mawili haya amejipenyeza mtu wa tatu ambaye hakualikwa na yeyote, naye ni muuzaji wa dawa za kutunisha misuli. Huyu hana mjadala na mtu. Anamnong'oneza kijana wa miaka 16 kuwa kwa sindano chache tu atapata kifua ambacho mwenzake amekitafuta kwa miaka mitatu.

Sisi tuliopewa ukurasa huu wa afya tunataka tutoe rai yetu waziwazi. Tunaona kwamba mazoezi ya kunyanyua uzito yana haki ya kufundishwa, kwa wavulana na kwa wasichana, kila upande kwa nafasi yake na stara yake, na hata wazee wasiachwe nyuma. Na tunaona kwamba sindano na vidonge vya kukuza misuli ni balaa la kupigwa vita nyumba kwa nyumba. Lakini rai bila ya ilimu ni makelele. Kwa hivyo tuingie kwanza ndani ya msuli wenyewe, tuone kinachotokea huko pale kijana anapoliinua lile kopo la saruji.

MSULI NI NINI?

Tuelewane mapema kuwa hapa hatuzungumzii msuli anaojifunga babu akitoka kuoga. Tunazungumzia msuli wa mwilini. Mwanaadamu ana misuli zaidi ya 600 iliyoshikana na mifupa, na kila msuli umeumbwa mfano wa kamba ya usumba. Ukiifumua kamba unakuta nyuzi nyingi, na kila uzi ukiufumua unakuta nyuzi nyembamba zaidi. Msuli nao ni hivyo hivyo. Ndani yake mna mafungu ya nyuzi, na kila uzi mmoja ni seli moja.

Seli hii ni ya ajabu miongoni mwa seli za mwili. Seli nyingi tunazosoma skuli zina kiini kimoja na ni ndogo mno. Seli ya msuli ni ndefu, nyengine hufikia sentimita kadhaa, na ina viini mamia kwa mamia, hata maelfu. Viini hivi ndivyo vinavyobeba maagizo ya kutengeneza protini, na kila kimoja kinahudumia eneo lake, kama masheha wanavyogawana shehia.

Ndani ya seli mna nyuzi nyembamba zilizogawika vyumba vidogo vidogo vilivyopangana kwa safu. Urefu wa chumba kimoja ni kiasi cha sehemu 2 hadi 3 za elfu moja ya milimita. Humo mna protini mbili kubwa, aktini na miyosini. Miyosini ina vichwa vingi mfano wa mikono. Amri ya kukaza inapotoka kwenye ubongo na kupita kwenye neva, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na vichwa vya miyosini huikamata aktini, huivuta, huiachia, kisha huikamata tena mbele kidogo. Aliyewahi kuwaona wavuvi wakivuta ngalawa kuipandisha pwani ameshaelewa. Wanashika kwa pamoja, wanavuta, wanaachia, wanashika tena, na chombo kinasogea.

Jambo hili halikujulikana mpaka mwaka 1954, pale makundi mawili ya wataalamu yalipolieleza katika toleo moja la jarida la Nature. Kundi moja lilikuwa la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na la pili la Hugh Huxley na Jean Hanson. Hao kina Huxley wawili hawakuwa ndugu, bali waliifikia elimu moja kwa njia mbili.

UZITO UNAPOIFIKIA SELI

Sasa kijana ameinua kopo lake la saruji. Nyuzi zake za misuli zimevutwa na uzito kwa nguvu ambayo hazikuizoea. Mvutano huo ndio unaoamsha kila kitu kinachofuata. Seli inao uwezo wa kuhisi kuwa imevutwa, na inaugeuza mvuto huo kuwa ujumbe wa kikemikali unaopita kutoka protini moja hadi nyengine, kama barua inayopokezwa mkono kwa mkono.

Mpokeaji mmoja mkubwa wa ujumbe huo ni protini iitwayo mTOR. Kisa cha jina lake kinafaa kujulikana. Mwaka 1964 wasafiri wa kisayansi kutoka Canada walichota udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, kilichoko mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki. Kutokana na bakteria waliokuwemo katika udongo ule ikapatikana dawa iliyoitwa rapamaisini, kwa jina la kisiwa. Baadaye wataalamu walipotafuta ni kitu gani ndani ya seli kinachozuiwa na dawa hiyo, wakaikuta protini hii. mTOR ni mfano wa msimamizi wa ujenzi. Ikiamshwa, inaviamrisha viwanda vidogo vilivyomo ndani ya seli vianze kuunganisha protini mpya. Watu waliojitolea walipopewa rapamaisini kabla ya kufanya mazoezi, lile ongezeko la ujenzi wa protini linalofuata mazoezi halikutokea. Hapo ndipo ilipothibitika kuwa msimamizi huyu hana badali katika kazi hiyo.

Lakini msimamizi bila ya matofali hajengi kitu. Matofali ya protini ni amino asidi, nazo zinatokana na chakula. Mtu akifanya mazoezi kisha asile, ujenzi unapanda, lakini na ubomoaji nao unaendelea, na hesabu ya mwisho inabaki ni hasara. Akila chakula chenye protini, ujenzi unaushinda ubomoaji. Na ujenzi huo hauishi pale anapoweka kopo chini. Unaendelea kuwa juu kuliko kawaida kwa muda wa saa 24 hadi 48. Maana yake ni kwamba misuli ya kijana inajengeka wakati yeye yuko darasani anasoma nahau, na wakati amelala usiku.

Yuko na mfanyakazi mwengine. Mwaka 1961 mtaalamu Alexander Mauro, akichungua msuli wa chura kwa hadubini yenye nguvu, aliona seli ndogo zimejibanza pembeni mwa nyuzi za misuli. Zikaitwa seli setilaiti. Seli hizi muda mwingi zimelala. Uzi wa msuli ukifanya kazi nzito au ukiumia, huamka, huongezeka, kisha baadhi yake hujiunga na uzi ule na kuupa viini vyao. Jambo hili lina maana kubwa, kwa sababu seli ya msuli iliyokwisha komaa haiwezi kujigawa. Inapohitaji viini zaidi, inavipata kwa jirani zake hawa.

Kwa hivyo mtu anaposema "misuli imeongezeka", aghlabu nyuzi hazikuongezeka idadi. Zile zile za mwanzo zimenenepa, kwa kuwa ndani yake zimejaa aktini na miyosini zaidi.

Tena mwili umewekewa breki. Mwaka 1997 Se-Jin Lee na Alexandra McPherron wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza kuhusu protini iitwayo miyostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Panya waliokosa protini hiyo walikuwa na misuli yenye uzito mara 2 hadi 3 ya panya wa kawaida. Breki hii na mengineyo ya kurithi hayalingani baina ya watu. Ndiyo maana vijana wawili wakinyanyua kopo moja, wakala sinia moja, bado mmoja atatanuka kifua na mwengine atabaki mwembamba mwenye nguvu. Huyo wa pili hana aibu yoyote, wala hana haja ya kwenda kwa muuza sindano.

MANENO YA MTAANI

Yapo maneno yanayopita mitaani ambayo yanawaumiza vijana, na tunaona ni wajibu wetu kuyasahihisha.

La kwanza ni lile la kwamba usipoumwa hukufanya kitu, na kwamba maumivu yanatokana na asidi iliyoganda. Asidi hiyo haigandi. Mwili unaisafisha ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Maumivu yanayokuja kesho yake au keshokutwa yanatokana na michubuko midogo sana katika nyuzi na uvimbe wa kuitibu. Hayo si kipimo cha kukua. Aliyezoea anaweza asiumwe na misuli yake ikajengeka vizuri.

La pili ni kupiga chuma kila siku kwa msuli ule ule. Tumeona kuwa ujenzi unachukua siku moja hadi mbili. Anayeubomoa ukuta kabla saruji haijakauka asilaumu fundi.

La tatu ni kuwa bila ya uzito mkubwa hakuna faida. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa hata uzito mdogo, kiasi cha asilimia 30 ya ule ambao mtu angeweza kuuinua mara moja tu, unakuza misuli sawa na uzito mkubwa ikiwa mtu atarudia mpaka akaribie kushindwa. Uzito mkubwa unazidi katika kuongeza nguvu. Hii ni habari njema kwa asiye na fedha. Dumu la lita 5 likijazwa maji lina kilo 5, na likijazwa mchanga mkavu linakaribia kilo 8.

La nne ni kukata tamaa mapema. Wiki za mwanzo nguvu inapanda lakini kioo hakionyeshi kitu. Sababu yake ni kwamba neva ndizo zinazojifunza kwanza. Ubongo unajua kuziita nyuzi nyingi zaidi na kwa mpango mzuri zaidi. Unene unakuja baadaye. Muuza sindano anaijua wiki hii ya tatu vizuri sana, na ndipo anapomvizia kijana wetu.

HAMALI NA SAHANI YAKE

Kuna suali zuri ambalo wadogo zetu hutuuliza. Jee, mbona hamali wa bandarini anabeba magunia tangu asubuhi mpaka jioni, na bado hana mwili kama wa watu wa kwenye picha?

Jawabu yake iko katika yale tuliyoyaeleza. Kwanza, gunia lake la leo ni sawa na la mwaka jana. Mwili ulishalizoea, na seli haioni tena sababu ya kuongeza kitu. Pili, hapumziki. Tatu, sahani yake mara nyingi ni ugali au wali mwingi na kitoweo kidogo, na nguvu alizokula zote zimeteketea kazini. Hamali ni mtu mwenye nguvu kweli kweli na anastahiki heshima yetu. Lakini msimamizi wa ujenzi wake anaita matofali, na matofali hayafiki.

Tufanye hesabu. Mtu mzima asiyefanya mazoezi anahitaji kiasi cha gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Anayenyanyua uzito anafaidika mpaka kiasi cha gramu 1.6. Kijana wa kilo 60 basi anahitaji gramu 96 kwa siku. Yai moja lina kiasi cha gramu 6. Kikombe cha maziwa kina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15. Gramu 100 za samaki zina kiasi cha gramu 20. Akila mayai mawili, kikombe cha maziwa, vikombe viwili vya maharage na gramu 200 za samaki, ameshapata 90, na zilizobaki atazipata katika wali, chapati na mkate wake. Wasioweza samaki wa kila siku wana dagaa, choroko, kunde na njugu.

Ama ule unga wa makopo makubwa unaouzwa kwa bei ya karo ya muhula mzima, ulio wa kweli aghlabu ni protini iliyotolewa katika maziwa tu. Hauna muujiza. Na si kila kopo linasema kweli. Maabara moja ya mji wa Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 za lishe ya wanamichezo zilizonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001. Katika hizo, 94 zilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Mzazi anayeona fahari kumnunulia mwanawe kopo hilo na afikirie mara mbili. Fedha ile ile ingenunua mayai ya nyumba nzima.

SINDANO INAFANYA NINI?

Hatutawadanganya wadogo zetu kwa kuwaambia kuwa sindano hazifanyi kazi. Zinafanya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulionyesha kuwa wanaume waliodungwa testosteroni kwa kipimo kikubwa kwa muda wa wiki 10 waliongezeka misuli hata bila ya kufanya mazoezi. Homoni hii inaingia ndani ya seli, inashikana na mpokeaji wake, kisha wanakwenda pamoja mpaka kwenye kiini na kufungua maagizo ya kujenga protini. Mwongo ni yule anayesema kuwa kazi yake inaishia hapo.

Mpokeaji huyo hayuko katika misuli peke yake. Yuko mwili mzima, na kila alipo anapokea amri. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, unaviamrisha viungo vya uzazi viache kutengeneza ya kwao. Korodani zinasinyaa na mbegu za uzazi zinapungua mpaka pengine kwisha kabisa, na kurudi kwake kunaweza kuchukua muda mrefu. Sehemu ya homoni iliyozidi hugeuka kuwa homoni ya kike, na kijana anaota matiti. Uso unajaa chunusi. Mafuta mabaya ya damu yanapanda na mazuri yanashuka, moyo unanenepa kuta zake, na khatari ya mshituko wa moyo inaongezeka. Vidonge vya aina hiyo vinaumiza ini. Msichana akivitumia sauti yake inakuwa nzito na ndevu zinamtoka, na sauti hiyo inaweza isirudi tena hata akiacha.

Na kwa kijana ambaye bado anakua liko jengine. Katika ncha za mifupa yake mirefu mna sehemu laini ambazo ndizo zinazourefusha mfupa. Homoni hizi huzifunga sehemu hizo kabla ya wakati wake. Kwa hivyo mzee anayeogopa kwamba chuma kitamdumaza mwanawe, kitu anachokiogopa kweli kipo, lakini hakipo katika kopo la saruji. Kipo katika chupa ndogo aliyoificha chini ya godoro. Tukiongeza na tabia ya kuchangia sindano moja watu watatu, basi hapo umeshafunguliwa mlango wa UKIMWI na homa ya ini.

Mwili ni amana. Anayeulisha, akaufanyisha kazi na kuupumzisha anaitunza amana. Anayeudunga asichokijua kwa ajili ya kusifiwa na watu anaifanyia khiyana.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wazee wetu wanaopinga vyuma wana hoja, na ni adabu kuzijibu moja moja.

Wanasema vyuma vinadumaza watoto. Mazoezi ya uzito yanayosimamiwa, kwa uzito unaomfaa mtoto, hayajaonekana kupunguza urefu wa mtu. Shirika la Afya Duniani katika muongozo wake wa mwaka 2020 linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Yanayoleta madhara ni kubeba kupita uwezo, kubeba kwa mgongo uliopinda, na kushindana bila ya msimamizi. Na hayo ndiyo yanayotokea nyuma ya nyumba pale tunapowafukuza vijana badala ya kuwafundisha.

Wanasema vyuma vinaleta riyaa na kiburi. Hofu hii tunaiheshimu. Kijana anayenyanyua chuma ili apige picha kifua wazi na kuitembeza kwenye simu za watu amekwishapoteza faida yake. Lakini hata sauti nzuri ya kisomo inaweza kumtia mtu riyaa, na hakuna aliyefikiri kufunga darasa la tajwidi. Tunamtengeneza nia, hatumkatazi jambo la kheri. Fulana ya mikono na suruali inayofunika magoti havizuii msuli kukua.

Wanasema wasichana hawahusiki kwa kuwa watakuwa na miili ya kiume. Mwanamke ana testosteroni kidogo mno ukilinganisha na mwanamme, na mazoezi pekee hayawezi kumgeuza. Atakachopata ni nguvu na mifupa iliyoshiba, jambo litakalomfaa sana uzeeni wakati mifupa ya wanawake inapokuwa myepesi. Na tuwe wakweli. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na nani anayeibeba kichwani kutoka bombani? Dada zetu wananyanyua uzito tangu wadogo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewafundisha namna ya kuuinua bila ya kuumiza mgongo.

Na wanasema haya ni mambo ya ujana. Hapa ndipo tunapotaka wazee watusikilize zaidi. Msuli usiotumika unapungua, na uzee unaharakisha. Mwaka 1990 ilichapishwa habari ya wazee dhaifu 10 wa mjini Boston, wastani wa umri wao miaka 90, waliofundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Seli za mtu wa miaka 90 bado zilikuwa zinasikiliza. Kuna wazee wangapi katika mitaa yetu wanaoswali kwa kiti kwa sababu tu mapaja yameishiwa nguvu za kuwainua kutoka sijda? Mwenye maradhi ana ruhusa yake na hatumgusi. Lakini yule ambaye udhaifu wake ni wa kukaa tu, pengine miezi miwili ya kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi kumi ingemrudisha kwenye mkeka wake.

TUNAPENDEKEZA

Mosi, madrasa yetu itenge siku za mazoezi zisizofuatana, mfano Jumamosi, Jumatatu na Jumatano baada ya Alasiri, wavulana chini ya mwalimu wao na wasichana kwa wakati wao na mahali pao pa stara chini ya mwalimu wa kike.

Pili, tuanze na mwili wenyewe, kisha madumu ya maji na mchanga. Kila zoezi lirudiwe mara 8 hadi 12, kwa mizunguko 2 au 3. Uzito uongezwe kidogo kidogo pale ule wa kwanza unapokuwa mwepesi. Hiyo ndiyo njia aliyoitumia daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, kuwarudishia nguvu askari waliojeruhiwa, na aliyoichapisha mwaka 1945. Haijapitwa na wakati.

Tatu, mwezi wa Ramadhani mazoezi yapunguzwe na yafanywe usiku, baada ya kufuturu na kupata maji ya kutosha. Daku isikosekane, na iwe na mayai, maharage au maziwa. Mwezi huo lengo ni kuhifadhi kilichopo.

Nne, mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au ngiri amuone daktari kwanza.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, mzazi amuulize mwanawe kwa upole: "Mwanangu, nani anakufundisha, na ndani ya chupa hii mna nini?" Kijana anayekatazwa kila kitu atajificha. Kijana aliyeelezwa namna seli yake inavyojenga, kwamba inataka uzito, chakula, usingizi na subira tu, atamjibu muuza sindano mwenyewe, tena mbele ya wenzake.

Haya ndiyo tuliyoona tuwafikishie. Yaliyo ya kheri myachukue, na mwenye rai nyengine milango ya jarida iko wazi.